Barua kwa mwanangu: muhuri wa saa mbili na dakika kumi

Mama yangu mdogo,

Assalaam aleykum. Kwanza habari ya mgonjwa, maana najua ndiyo unayoitaka. Pacha wako hajambo. Mguu wa kushoto umefungwa hogo, anaunyoosha juu ya kiti cha plastiki kama sultani, chai anapelekewa alipo, na sindano ya kufumia ya mama yako ameigeuza kijiti cha kujikunia. Daktari amesema wiki sita. Yule kijana wa bodaboda alichubuka kiwiko tu. Amekuja mara mbili kumjulia hali na mara zote mbili ameondoka ameshiba.

Sasa ujumbe wako. Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nimevaa miwani. Unasema siku ile, kabla hujaambiwa lolote, machale yalikucheza, mguu ukakuuma, ukajua mwenzio amepatwa na jambo. Wenzako hostelini wakakuambia hiyo ndiyo telepathia, fikra kuhama kichwa hiki kwenda kile bila mdomo wala waya, na kwamba kwa mapacha ni kitu cha kawaida. Mwalimu wenu akasema hayo si ushahidi. Nawe unaniuliza: kama lililonipata mwenyewe, mwilini mwangu, si ushahidi, ushahidi ni kitu gani? Halafu umemalizia kwa kunichoma: "Baba, wewe mwenyewe ulitusimulia ya bibi."

Kweli nilisimulia. Ndiyo maana nimekaa na kalamu badala ya kukujibu kwa simu. Jambo hili lina deni langu ndani yake.

Hadithi yenyewe mnaijua kwa moyo, maana niliitoa kila umeme ulipokatika. Kwamba mwaka 1985 nilikuwa karani wa posta Korogwe, dada yenu mkubwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwamba usiku mmoja saa tisa niliamka kama mtu aliyeshikwa bega, nikanusa udi wa mama yangu mle chumbani, nikaita "Mama!" mpaka mama yenu akashtuka. Na kwamba asubuhi ikaja telegramu kutoka Pangani: bibi yenu amefariki, saa tisa ile ile. Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo, na nyinyi mlikuwa mnasogeleana kwenye mkeka.

Ujumbe wako ulipofika nililivuta lile kasha la mkangazi lililo chini ya kitanda. Telegramu imo, imekunjwa mara nne ndani ya cheti changu cha ndoa. Wewe hukuziona telegramu, kwa hiyo nikueleze. Siku hizo Posta na Simu zilikuwa nyumba moja, na katika ofisi ndogo kama yetu mtu mmoja ndiye alikuwa dirishani, kwenye simu na kwenye mihuri. Ujumbe ulisomwa kwa simu kutoka Tanga, neno kwa neno, nami nikiuandika kwenye fomu. Ya bibi yako niliiandika mimi. Mwenzangu wa Tanga alianza na jina la mpelekewa, akaona ni jina langu, akasita. Nikamwambia endelea. Mwandiko ni wangu, umelalia kushoto kama ulivyo mpaka leo. Wino wa muhuri umefifia ukawa rangi ya maji ya zabibu, lakini saa inasomeka: imepokewa Korogwe saa mbili na dakika kumi asubuhi. Maneno manane: MAMA AMEFARIKI JANA MAGHARIBI MAZISHI LEO ALASIRI NJOO.

Jana magharibi. Telegramu ililipiwa kwa neno, na baba yako mkubwa alikuwa mtu wa kubana senti, lakini neno MAGHARIBI alilitolea pesa. Ile saa tisa ya usiku bibi yako alikuwa ameshatutoka saa nane nzima na zaidi, amefunikwa, watu wanamsomea.

Nikamwita mama yako jikoni nikamwonyesha. Unajua alivyo. Akasoma, akanirudishia, akasema: "Usiku upi huo? Wiki ile nzima hatukulala, mtoto alikuwa na homa. Na udi niliuchoma mimi, chumba kilinuka matapishi." Akarudi kwenye sufuria yake. Baada ya dakika mbili akasema kutoka kule kule jikoni, kwamba mama mkwe alikuwa kitandani tangu Ramadhani, na kwamba mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini kwenda kumwona.

Sikuwahi kuwadanganya, mama. Niliamka kweli, nikanusa udi kweli, nikaita kweli. Lakini katika kusimulia mwaka hadi mwaka, saa ya kufa ilitembea taratibu ikaja kukaa juu ya saa ya kuamka, mtoto mwenye homa akatoka chumbani, na kitezo cha mama yako kikatoweka. Na karatasi yenye mkono wangu mwenyewe ilikuwa chini ya kitanda nikiilalia.

Nilidhani ni mimi tu na uzee wangu. Kumbe Januari 1986, chombo cha angani cha Wamarekani, Challenger, kilipolipuka, mtaalamu wa saikolojia Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Emory, Atlanta, kesho yake asubuhi: ulikuwa wapi, na nani, nani alikupasha habari. Miaka miwili na nusu baadaye yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawauliza tena 44 kati yao. Robo walikosea kila jambo waliloulizwa, na wengi wao waliapa wanakumbuka sawasawa. Walipoonyeshwa karatasi zao, mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu barazani. Mimi pia, hata baada ya kuishika telegramu, nikifumba macho bado bibi yako anafariki saa tisa.

Sasa nije kwenye swali lako, ushahidi ni nini. Lugha yetu imetupa maneno mawili kwenye shina moja: ushuhuda na ushahidi. Ushuhuda unao, na mtu akikuambia hukusikia chochote siku ile, mwambie aje kwangu. Lakini ulichokishuhudia ni kwamba mwili wako haukuwa sawa. Kwamba habari ilitoka barabarani Tanga ikakufikia Morogoro bila simu, hilo hukulishuhudia, hilo umelihitimisha. Usiyabebe yote mawili kwenye kapu moja halafu mtu akilihoji la pili ukalia kwamba amekuita mwongo kwa la kwanza.

Wapo waliolihangaikia jambo hili kwa heshima zote, wala si wapiga ramli. London, mwaka 1882, iliundwa jumuiya ya wasomi ya kuchunguza mambo ya namna hii, na mmoja wao, Frederic Myers, ndiye aliyelitunga neno lenyewe mwaka ule ule kwa Kigiriki: mbali, na kuhisi. Wenzake Edmund Gurney na Frank Podmore walizunguka na kuandikiana na watu, na mwaka 1886 kikatoka kitabu chao cha juzuu mbili nene chenye visa 702. Mama aliyemwona mwanawe mlangoni saa ile ile anazama baharini. Ndugu aliyesikia jina lake likiitwa. Visa kama changu, na kama chako, 702.

Mwaka uliofuata mwanasheria wa Scotland, A. Taylor Innes, akaandika makala jaridani yenye swali ambalo karani yeyote wa posta angeliuliza: barua ziko wapi? Watu hawa wote wanasema waliona au walisikia kabla ya habari kufika. Wengine wanasema waliandika siku ile ile. Vizuri, tupe hiyo barua. Tuone muhuri wa posta unaotangulia habari. Innes alikipekua kitabu kizima akitafuta hata kisa kimoja chenye karatasi ya namna hiyo iliyokamilika, akasema hakukiona. Gurney alimjibu, wakabishana sana, lakini swali lile halikufutika. Mimi nimepiga mihuri miaka mingi na sikuwahi kuiona kazi yangu kwa jicho hilo: kwamba kile chuma na wino ni kitu cha pekee kisichojua mwisho wa hadithi.

Tena nilikuwa na jambo jingine mkononi nisilijue. Telegramu za mjini nilikuwa nazipeleka mwenyewe kwa baiskeli tarishi akiwa hayupo. Siku moja nimeingia uani kwa mama mmoja mtaa wa Manundu, yuko na ungo wake anapepeta. Kuniona tu na ile bahasha, ungo chini, mchele wote mchangani, mikono kichwani: "Mwanangu! Niliota jana! Niliota anavuka mto!" Majirani wakaja mbio, mmoja ameshajifunga kanga kiunoni, mwingine ameshaanza kulia. Nikaomba jamani nisome. Nikasoma: NIMEFAULU NAJA JUMAMOSI. Pakawa kicheko, mchele ukaokotwa, nikapewa machungwa mpaka kapu la baiskeli likajaa.

Mwezi mmoja baadaye nilimtania yule mama kuhusu ndoto yake ya mto. Akaniuliza, ndoto gani?

Mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyeota kaburi na telegramu ikaja ya msiba, alikuwa akiisimulia ndoto yake mpaka nilipohamishwa. Wote wawili waliota, na ndoto ya mmoja ilikufa mchana ule ule kwa kukosa maiti. Ningekuwa na akili wakati ule ningefungua daftari lenye safu mbili, waliojua na ikawa, waliojua na isiwe. Safu ya pili ingejaa upesi. Wewe, mama, ya kwako unayo? Mara ngapi mguu umekuuma na kaka yako yuko kwenye kahawa anacheza bao?

Na kuna waliojua kwa njia nyingine kabisa. Watu wengi walipeleka MGONJWA SANA NJOO HARAKA hali mtu ameshazikwa, ili mpokeaji asianguke. Mpokeaji anasoma "mgonjwa", anapiga yowe la msiba, na baadaye anasema moyo ulimwambia. Moyo! Korogwe nzima ilijua maana ya MGONJWA SANA. Baba yako mkubwa aliniandikia wazi kwa sababu alijua karani hadanganyiki. Tena wengine walisoma uso wangu kabla ya karatasi. Huko Berlin palikuwa na farasi aliyesifika kwa kujua hesabu, akigonga jibu kwa kwato, mpaka Oskar Pfungst mwaka 1907 alipogundua kwamba farasi anasoma vichwa na mabega ya watu: wakilegea tu, anaacha kugonga. Waulizaji wenyewe hawakujua kwamba wanamwambia. Farasi aliitwa Hans, na kumbuka jina hilo, nitalirudia.

Wasomi wa London hawakuwa wajinga, nao walitaka kuhesabu. Waliwauliza watu 17,000: umewahi, ukiwa macho kabisa, kuona mtu au kusikia sauti ya mtu asiyekuwepo? Karibu mmoja kwa kila kumi akasema ndiyo. Mwaka 1894 wakatoa hesabu: kwa bahati tu, kumwona mtu siku anayokufa kungetokea mara moja katika 19,000, wao wamepata mara moja katika 43. Ukiitazama hivyo inatisha, na sikufichi kwamba mimi ilinisimamisha usiku mzima. Lakini namba ile imejengwa juu ya watu wanaokumbuka mambo ya miaka iliyopita. Ungeniuliza mimi mwaka jana, ningejibu saa tisa, ningeapa, na ningehesabiwa upande wa ndiyo.

Kadiri tunavyokuwa wengi ndivyo bahati inavyopata nafasi. Sensa ya 2022 imetuhesabu Watanzania 61,741,120. Tuseme kila mmoja machale yamcheze mara moja tu kwa mwaka mzima, na wewe unajua shangazi yako peke yake anazidisha hapo. Ni watu zaidi ya 169,000 kila siku iendayo kwa Mungu wanaosema leo kuna jambo. Na kila siku bodaboda zinaanguka. Mwanafizikia wa Marekani Luis Alvarez alisoma gazeti, maneno fulani yakamkumbusha mtu aliyekuwa hajamfikiria miaka mingi. Hazikupita dakika tano akafunua ukurasa akakuta tangazo la kifo cha mtu huyo huyo. Yeye badala ya kusisimka akachukua kalamu, akapiga hesabu, na mwaka 1965 akaandika katika jarida la Science kwamba mambo kama hayo, kwa bahati tupu, lazima yatokee Marekani kama mara kumi kila siku. Wengine wamehamia maabara, wanakisia kadi na picha, J. B. Rhine na kadi zake 25 zenye alama tano katika chuo kikuu cha Duke, na waliomfuata, na mpaka leo wanabishana kuhusu matokeo. Sitakuchosha na hayo. Ila angalia kwamba hata wanaoiamini telepathia ndio waliochoka kwanza kutegemea hadithi za mkekani.

Usije ukadhani nakuambia machale ni takataka. Hans wa pili ni Hans Berger, Mjerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa kijana jeshini, farasi alimtupa mbele ya gari la mzinga, akaponea chupuchupu kupitiwa na magurudumu. Jioni ikaja telegramu kutoka kwa baba yake: u mzima? Baba hakuwa na desturi hiyo. Dada yake ndiye aliyemsukuma, akisema ana hakika kaka amepatwa na jambo. Berger aliamini maisha yake yote kwamba fikra zake zilimfikia dada. Akasomea udaktari kwa ajili hiyo, akaitafuta nguvu hiyo ya akili miaka na miaka huko Jena, na mwaka 1924 akanasa mawimbi ya umeme kutoka kichwa cha binadamu, akayatangaza mwaka 1929. Ndicho kipimo wanachopimwa mpaka leo watu wa kifafa. Mawimbi yenyewe ni dhaifu mno, ukiyapima juu ya ngozi ni sehemu ndogo sana za volti moja. Ya kwenda mtaa wa pili hayana nguvu. Alichokitafuta hakukipata, ila machale ya dada yalimsukuma kwenye kazi ambayo kabla yake hakuna aliyeifanya kwa binadamu. Kisa chake mwenyewe alikichapisha mwaka 1940, karibu nusu karne baadaye. Natamani sana kuishika ile telegramu ya baba yake.

Nimebakiza ya kwako, nawe usinune. Simu yako ni posta kamili, kila ujumbe una muhuri. Alhamisi ile saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi uliandika kwenye grupu la familia: "Jamani leo sijisikii, tumbo linanivuruga, na nina tesiti saa tano." Kaka yako alianguka saa saba mchana. Usiku, ulipokwisha kuambiwa, uliandika: "Ndiyo maana leo sikuwa sawa." Mguu haumo. Mguu umeingia Jumamosi, kwenye sauti uliyomtumia shangazi yako, na hapo umeuma saa saba kamili. Shangazi naye Jumapili kwenye maulidi, mama yako alimsikia kwa masikio yake, umeanguka darasani ukishika mguu wa kushoto. Siku nne tu, mama. Mimi ya kwangu ilichukua miaka.

Ungeniandikia saa saba ile "kaka amevunjika mguu, mwangalieni", ningeiweka simu yako kwenye kasha pamoja na telegramu, na barua hii ningeiandika vingine. Bado nafasi unayo. Nunua daftari dogo. Kila machale yakikucheza andika siku, saa, na unadhani ni nini, kabla hujampigia mtu yeyote. Na yasipokuwa, usiing'oe karatasi.

Mimi nimeshaanza. Katika wiki hii iliyopita nilipaliwa na chai mpaka mama yako akanipiga mgongo, akasema, "Kuna mtu anakutaja." Siku na saa nimeziandika nyuma ya kalenda, nimeigeuzia ukutani, na sikuambii. Wewe niandikie lini na saa ngapi wiki iliyopita ulinitaja, kwa heri au kwa shari, kisha tutaigeuza kalenda pamoja ukija likizo. Nakuletea stendi mwavuli, mvua zimeanza. Pacha wako anasema usisahau chaja yake uliyoondoka nayo, na anadai hilo alikuwa analijua siku zote.

Baba yako
Tanga